Tupange Kupoteza Vitabu

(Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi kwa waalimu wakuu, wazazi na waalimu wa maktaba wa skuli za msingi za huku kwetu Mombasa. Wengi hamkuweza kuja, kuna waliokuwa na harusi na kuna waliokuwa na matanga, kwa hivo naiweka yote hapa vile nilivosema. Picha za ukutani nimeziacha, na hata siku ile hazikuonekana sana manake stima ilipotea katikati.)

Assalamu alaikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Hamjambo kweli? Haya, sasa nimewaskia.

Mwenyekiti kaniambia nizungumze kuhusu maktaba za skuli zetu miaka mitano ijayo, na kanipa karatasi ina vichwa vinne: jengo, vitabu, tableti, wafadhili. Nimeisoma, nimeikunja, nimeitia mkobani. Anisamehe. Hayo mambo si mabaya na tutayafikia, lakini mimi nimefundisha Kisauni miaka mingi, nikashika na ufunguo wa maktaba mpaka nikastaafu, na kitu nilichoona kinatumaliza si kukosa jengo. Kinachotumaliza ni uoga. Twaogopa vitabu kupotea. Na leo nimekuja kuwaomba tupange, rasmi kabisa, na bajeti yake na ukurasa wake kwenye rejista, kupoteza vitabu.

Mwacheka. Chekeni, lakini kwanza nifanyieni kitu kimoja. Nani hapa skuli yake ina maktaba, hata kama ni kabati tu? Inueni mikono. Mashaallah, ni mingi. Sasa wabakishe mikono juu wale ambao mtoto wao wa gredi ya nne anaweza kuchukua kitabu cha hadithi Ijumaa, akalala nacho nyumbani, akakirudisha Jumatatu.

Mwaona? Mwaona mikono inavyoshuka?

Basi tuanze hapo.

Kuna skuli moja, siitaji na mwenyewe kama yuko humu ndani atulie tu, iliniita niwasaidie kupanga maktaba. Mwalimu mkuu mtu mzuri sana, mwangalifu, hesabu zake zote sawa. Ana makabati matatu ya chuma na ufunguo uko kwenye droo yake, na hiyo droo nayo ina ufunguo wake. Tukatafuta, tukapata, tukafika kabatini, kufuli halifunguki. Upepo wa bahari ushaila, imekuwa kutu tupu, tukamwita fundi na msumeno. Kufungua ile kabati, wallahi tulirudi nyuma sote. Harufu. Vitabu vimegandana, ukivuta kimoja vinakuja vitatu, majalada yana kuvu nyeusi, chini mchwa washapanda kutoka ukutani na wamekula rafu ya mwisho yote, wamebakisha migongo imesimama kama kwamba kuna vitabu. Nikaomba rejista. Rejista safi, maandishi mazuri, kila kitabu na namba yake, na kwenye safu ya vilivyopotea kumeandikwa: hakuna.

Na ni kweli, hakuna kilichopotea. Vyote vilikuwepo.

Nawauliza ndugu zangu, vile vitabu vilihifadhiwa au viliuliwa? Hapa kwetu Pwani hewa yenyewe ni maji. Kuvu hupenda unyevu ukipita asilimia 65 au 70, na Mombasa unyevu wa kiwango hicho si habari, ni maisha ya kila siku, haswa masika ya mwezi wa nne na wa tano. Kitabu kikifungiwa ndani ya chuma bila hewa kipindi hicho ushakizika. Kitabu kinachofunguliwa kila wiki, kinachopigwa na upepo, kinachoenda na kurudi, hicho kitachakaa, kitararuka, kitachanika jalada, lakini kuvu hakiipati nafasi. Waalimu wa maktaba andikeni haya haraka haraka nisije nikasahau: rafu isigusane na ukuta, acheni nafasi ya kiganja. Rafu ya chini iwe juu ya sakafu, msiweke vitabu chini hata siku moja. Msivibane sana. Madirisha wazi mchana. Kitabu kikilowa msikitie plastiki, kianikeni kivulini kwenye upepo kwanza. Na yale majalada ya plastiki mnayowaambia wazazi wavalishe, yavalisheni kitabu kikiwa kikavu. Yamekwisha hayo.

Turudi kwa uoga. Uoga wenyewe watoka wapi? Mimi siwalaumu waalimu wakuu. Toka 2018 serikali yaleta vitabu vya kiada moja kwa moja skulini, vimehesabiwa, mtoto na kitabu chake, na mwalimu mkuu ndo anayeulizwa. Mtoto akipoteza, mzazi alipe. Kwa kitabu cha kiada naelewa, hesabu lazima zifungwe. Lakini ile sheria imetambaa taratibu mpaka kwenye vitabu vya hadithi, na huko ndo imeleta balaa.

Nitawapa kisa. Kuna mama alikuwa akiuza mahindi pale Kongowea, mtoto wake wa gredi ya tatu nilimwazima kitabu, chembamba tu, kina picha. Wiki ikaisha kitabu kikarudi safi kama kilivotoka, hata alama ya kidole hakuna. Nikafurahi, nikamuuliza mtoto, haya nihadithie, sungura alifanyaje? Kimya. Kumuuliza zaidi, mamake alipoona kile kitabu akauliza kikipotea nani alipa, akaambiwa wewe, basi akakitia kwenye mfuko wa plastiki akaufunga fundo akakiweka juu ya kabati mpaka siku ya kurudisha. Sasa mwambie yule mama amekosea. Utamwambia nini? Siku hiyo hiyo anayofanya biashara ya mahindi labda faida yake haifiki bei ya kile kitabu. Amefanya hesabu kama mwalimu mkuu tu, na yeye kabati lake liko juu.

Uoga huu si wetu peke yetu msije mkadhani ni ushamba. Uingereza zamani vitabu vilifungwa minyororo kwenye rafu, kule Hereford kanisani mpaka leo ile maktaba ya minyororo ipo, watu waenda kuitazama. Alafu 1931 Mhindi mmoja wa Madras, mwalimu wa hesabu aliyegeuka mkutubi, aitwa Ranganathan, akatoa sheria zake tano za maktaba ambazo kila aliyesomea ukutubi ashazikariri, na ya kwanza kabisa ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Nashangaa kila nikiifikiria, kwamba ilibidi mtu mzima aiandike hiyo kama sheria! Na Marekani pia, miji mikubwa ilikuwa ikitoza faini ukichelewesha kitabu, mpaka Chicago 2019 wakaifuta faini yote. Watu wakategemea vitabu vitaisha. Kumbe vikaanza kurudi, vya zamani, vilivyokuwa vimekaa majumbani kwa sababu mtu aona aibu kurudi na deni. Faini ndo ilikuwa yazuia vitabu kurudi. Hilo walimu wenzangu lilinikaa sana kichwani.

Na sisi wenyewe tumelipata somo letu, tena kali. Mwakumbuka Machi 2020? Jumapili ile tarehe 15 ikatangazwa skuli zifungwe kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka Januari 2021. Miezi yote hiyo watoto wako Mishomoroni, wako mtaa wa Bangladesh, wako Mtongwe, wanazunguka mitaani, wengine hawana redio wala simu ya kusomea, na vitabu viko wapi? Viko ndani, kufuli nje. Tulilinda vitabu visipate korona.

Lakini kuna mwalimu mmoja Likoni, ye alipata habari ile Jumapili usiku, na Jumatatu asubuhi akaenda skuli na mapema. Watoto wengine walikuja manake nyumbani hawakuwa na habari, wazazi wengine wakaja kuuliza. Yule mwalimu akafungua maktaba akatoa meza nje akawa ampa kila mtu vitabu vitatu vitatu, ajiandikia jina na mtaa kwenye daftari la kawaida, hana hata stampu. Waliambiana, mpaka saa tisa rafu zikawa nyeupe. Skuli zilipofunguliwa vingi vikarudi. Vingine havikurudi. Vingine vilirudi na alama za mafuta ya viazi karai, kimoja kilirudi bila jalada lakini na barua ya nyanya wa mtoto akiomba cha pili cha aina ile ile. Aliulizwa yule mwalimu na wakubwa wake kuhusu vile ambavyo havikurudi, na hakuulizwa kwa uzuri. Mimi nasema huyo angepewa nishani.

Haya, pesa. Najua baba wa bodi pale mbele anisubiri kwa hesabu. Chukueni mfano, ni mfano tu, kila mtu ataweka namba zake. Skuli ina watoto 600 na vitabu vya hadithi 400. Kitabu tuseme ni shilingi 300, kuna vya chini na kuna vya juu. Tukubali kwamba kila mwaka vitabu 40 vitapotea au vitararuka, yani kimoja katika kila kumi. Ni shilingi 12,000. Gawanyeni kwa watoto 600. Ni shilingi 20 kwa mtoto, kwa mwaka mzima! Kwa hiyo shilingi 20 twamnyima mtoto kwenda na kitabu nyumbani? Hiyo pesa iandikwe kwenye bajeti waziwazi, vitabu vya kujaza pengo, ikaguliwe kama chaki inavyokaguliwa, kwani kuna mtu ashawahi kuulizwa chaki imeenda wapi? Na yule mtoto aliyepoteza asilipishwe. Aje kusaidia kubandika migongo ya vitabu wiki moja saa ya mapumziko, basi, na aazimwe kingine siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo, nasisitiza.

La pili. Maktaba ni nani, na ni saa ngapi?

Siulizi ni wapi. Manake kuna skuli zilikuwa na chumba kizuri cha maktaba, na Januari 2023 gredi ya saba walipobaki skuli za msingi kile chumba kikawa darasa, na sawa, watoto hawawezi kusomea juu ya mti. Lakini chumba kilipokwenda na maktaba ikafa, nikajua haikuwa maktaba, ilikuwa chumba. Penye mtu aliyepewa kazi na saa inayojulikana, maktaba ilihamia chini ya mkungu au kwenye veranda ya ofisi na ikaendelea.

Sasa huyo mtu ni nani? Kwenye skuli za msingi za serikali hamna mkutubi, kuna mwalimu wa maktaba, na mwalimu wa maktaba ni mwalimu kama wengine ana vipindi vyake vyote alafu akaongezewa na ufunguo. Huo si mpango, huo ni mzigo. Mpango wa miaka mitano uanze hapa: yule mwalimu apunguziwe vipindi, hata viwili vitatu kwa wiki, na iandikwe kwenye ratiba sio kwa mdomo. Na kama skuli chache zaweza kuchanga zimwajiri kijana mmoja aliyesomea ukutubi awe akizunguka, Jumatatu huku Jumanne kule, wapo wengi mitaani na vyeti vyao.

Na msiwadharau watoto wenyewe. Nilikuwa na kijana wa gredi ya sita mtundu sana, kila siku yuko ofisini, ndo yule ambaye kitu kikivunjika hata hamuulizi nani. Nikamfanya prefekti wa maktaba. Wenzangu wakanicheka. Lakini mimi nilichotaka kwake si unadhifu, nilitaka ule ujuzi wake wa mitaa, kwa sababu yule mtoto alikuwa ajua kila nyumba kuanzia barabarani mpaka ufukweni, ajua nani kahama, nani mamake ni mkali, nani mbwa wao ang'ata. Akawa ndo mdai wetu. Ijumaa nampa orodha, Jumatatu aja na kikapu. Mara aja na kitabu ambacho hata hakikuwa kwenye orodha, cha skuli nyingine! Nikakipokea. Si mtakuja kukidai? Hamjaja.

Kuhusu saa sasa, hili naliona watu walipita juu juu kwenye mipango mingi. Mipango mingi huandikwa na watu wa mbali, yasema maktaba ifunguliwe baada ya masomo jioni na wikendi. Kwa nani? Watoto wetu wengi wakitoka skuli waenda chuoni kusoma Kurani, Jumamosi na Jumapili wako madrasa, wengine wako kanisani au wasaidia mamazao kwenye biashara. Ukifungua jioni utakaa wewe na paka. Saa ya watoto wetu ni mapumziko na saa ya chakula. Na mwezi wa Ramadhani je? Saa ya chakula watoto waliofunga hawana pa kwenda, wakaa vivulini watazama wenzao wakila. Huo mwezi maktaba zetu zingejaa kuliko mwezi wowote, na huo mwezi ndo nilikuwa nikizikuta zimefungwa kwa sababu ratiba imefupishwa. Waalimu wakuu, hilo halina gharama hata senti. Hilo mwaweza kulibadilisha mwaka huu huu.

La tatu ni sanduku.

Huko Garissa 1996 huduma ya maktaba ya taifa walianza kupeleka vitabu kwa ngamia, masanduku mawili yamening'inia kila upande, wakawafuata wafugaji na watoto wao kule waliko. Hawakusema tungoje wafugaji wajenge mji alafu tuwajengee maktaba. Sisi twakaa mji wa barabara na tuktuk na mikokoteni, na mtoto wa Mtongwe kufika maktaba ya taifa pale barabara ya Msanifu Kombo apande matatu, avuke feri, na feri kwa miguu haulipi lakini ile safari ya kwenda na kurudi mtoto wa miaka tisa peke yake ni mzazi gani atamruhusu? Mimi simruhusu mjukuu wangu.

Basi vitabu vitembee. Tuseme skuli kumi zilizo karibu karibu, kila moja yatoa vitabu 60 vyatiwa kwenye sanduku, sanduku la mbao lenye matundu ya hewa, si la bati, nimeshawaambia habari ya kuvu. Kila muhula masanduku yanabadilishana. Kwa mwaka mtoto aona vitabu 180 badala ya 60, na skuli haijanunua hata kimoja. Na ile hali ya mtoto kusema hiki nishakisoma, hiki nishakisoma, inaisha. Mnajua ile? Wasomaji wenu wazuri ndo wa kwanza kuihama maktaba, manake wamemaliza rafu.

Pale mtu ataniuliza, na sanduku likirudi lina 54? Likirudi lina 54 twasema alhamdulillahi limerudi. Tukianza kupigana skuli na skuli juu ya vitabu sita mpango umekufa muhula wa kwanza. Vile vya kujaza pengo vitoke kwenye ile bajeti niliyosema, mwajaza, mwapeleka mbele.

Kuhusu tableti nitasema kidogo tu. Zile za 2016 za mpango wa serikali zililetwa kwa nia njema na nyingi zikaishia wapi? Kabatini. Uoga ule ule. Kama hatujatibu uoga wa kitabu cha shilingi 300 tusidanganyane kwamba tutampa mtoto tableti ya maelfu. Tuanze na karatasi.

Na wafadhili. Jamani, msaada ni kheri, lakini tujifunze kusema hapana. Nilifungua katoni mara moja kwenye skuli fulani, limetoka ng'ambo kwa meli, limepigwa picha limeandikwa risala ya shukrani, ndani kuna kitabu cha kodi cha jimbo moja la Marekani, kina miaka yake, na vitabu vya kuteleza juu ya theluji. Kwa mtoto wa Jomvu! Na kwa sababu ni msaada watu waogopa kuvitupa, vyajaza rafu, na rafu ikijaa mgeni aja asema mashaallah mna maktaba. Tukubaliane kwenye mpango huu kwamba kitabu ambacho hakuna mtoto aliyekigusa miaka mitatu kitoke. Kipeleke, kigawe, kifungie maandazi. Kitoke.

La mwisho, na hili lanigusa mimi kama mtu wa hapa.

Muyaka bin Haji mwamjua. Mshairi wa Mvita huyu, yani Mombasa yetu hii, alizaliwa karibu mwaka 1776 akafa 1840. Mashairi yake alipokuwa hai hayakuwa na kitabu, yalikuwa midomoni mwa watu. Alipokufa yakabaki midomoni, miaka na miaka, mpaka Mwalimu Sikujua, naye mtu wa hapa hapa, akayakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akasaidiana na yule Mzungu mmishenari Taylor kuyaandika na kuyafafanua. Yakaja kuchapishwa kitabu 1940, miaka mia baada ya Muyaka kufa. Na zile karatasi za Taylor leo ziko wapi? Ziko London, chuo cha SOAS. Mtoto wa Kibokoni akitaka kuona mwandiko uliookoa mashairi ya mji wake, apande ndege.

Sasa nawauliza, kwa ile miaka yote kabla ya karatasi, Muyaka alihifadhiwa na nani? Alihifadhiwa na watu walioazimana. Mmoja ana beti mbili mwengine ana tatu, huyu kasahau yule kakumbuka. Mengine yalipotea, hakika yalipotea, hatujui mangapi. Lakini yaliyotufikia yalitufikia kwa sababu yalitoka nje. Lau angekuwa na daftari moja kalifungia sandukuni, na hewa hii ya Mvita, tungekuwa na nini leo?

Kwa hivo kila skuli katika mpango huu iwe na rafu ya kwetu. Na isisubiri wachapishaji. Watoto wa gredi ya tano na ya sita wakaandike: majina ya samaki kutoka kwa wavuvi wa mtaa wao, vitendawili vya nyanya zao, vile mtaa ulivopata jina, nyimbo za watoto, na iwe kwa maneno ya wale wazee kama yalivotamkwa, msiwasahihishe wazee. Kuna mtoto aliniletea majina ya pepo zote kutoka kwa babu yake nahodha, mengine mimi sikuwahi kuyaskia na nimezaliwa hapa. Daftari hizo zitolewe fotokopi tatu. Moja ibaki skuli, moja iingie kwenye sanduku izunguke, moja ipelekwe maktaba ya Msanifu Kombo. Zikipotea mbili, iko ya tatu.

Naona mwenyekiti atazama saa. Namalizia.

Nani alipe? Hapa katiba ya 2010 imetuchanganya kidogo na lazima tuijue tusije tukagonga mlango sio. Maktaba za umma ni za kaunti. Watoto wa chekechea ni wa kaunti. Skuli za msingi ni za serikali kuu. Yani mtoto wa miaka mitano ni wa gavana, akifika gredi ya kwanza ni wa waziri, na wote wako kiwanja kimoja na choo kimoja. Kwa hivo barua yetu iwe na nakala mbili. Kaunti tuiombe sanduku na usafiri, kwa sababu maktaba ni zao na wana watoto wao humo ndani. Serikali kuu tuiombe vipindi vya mwalimu wa maktaba. Ile shilingi 1,420 ya kila mtoto kwa mwaka ya skuli za msingi, nyinyi waalimu wakuu mwajua yaja lini na yaja ngapi, sitawaudhi, lakini ikija, ile shilingi 20 itoke humo kabla haijapotelea kwengine.

Kwenye kila kiti kuna karatasi. Kaeni skuli kwa skuli, mzazi, mwalimu mkuu na mwalimu wa maktaba pamoja, dakika kumi na tano, muandike vitu vitatu. Nani atashika ufunguo, jina lake, sio cheo. Siku gani na saa gani mlango u wazi. Na mwaka ujao mko tayari kupoteza vitabu vingapi.

Hiyo namba ya tatu nitaisoma mimi mwenyewe karatasi kwa karatasi, na skuli itakayoandika sifuri narudisha karatasi yao waandike tena.

Haya, kabla hamjaanza nachukua maswali mawili. Nimeona mkono wa mzee mwenye kofia pale dirishani, alafu mama wa Likoni manake ana feri ya kuwahi.